Jina la Mavyaa

Mwaka 1954, siku tatu kabla ya ubatizo, Fanueli alimwambia mkewe kwamba jina la pili la mtoto limekwisha amuliwa. Litakuwa Mwamvua, jina la mama yake Fanueli.

Kristina aliitupa nepi aliyokuwa akiikunja.

“Umesahau kwamba kwenu mke hatamki jina la mavyaa wake? Mwanangu nitamwitaje?”

“Dorkasi. Hilo la kwanza si unalo?”

“Na nikiulizwa jina lake kamili?”

“Nitajibu mimi.”

“Wewe kutwa uko bandarini Tanga. Utajibu kutokea huko?”

Alichoka kubishana na mtu aliyekwisha mpa mama yake ahadi. Alimbeba mtoto, akaenda uani alikokuwa mavyaa wake akichambua mchicha, akamwamkia, kisha akamweleza shida yake bila kuzunguka.

“Mwite mama, kama unavyoniita mimi,” bibi alisema. “Mavyaa wangu nilikaa naye miaka thelathini, na jina lake sikulitia kinywani hata siku tulipomzika.”

“Mimi nafundisha watoto hamsini, mama. Kila asubuhi nawaita kwa majina yao yote. Huyu wa kwangu ndiye nimwite nusu?”

Bibi aliendelea kuchambua mchicha wake. Kristina alimwinua mtoto mpaka wakatazamana uso kwa uso.

“Dorkasi Mwamvua,” alisema, kwa sauti ya darasani.

“Abee,” bibi aliitikia kabla hajafikiri.

Kristina hakugeuka.

“Sikukuita wewe, mama. Nimemwita mwanangu. Na Jumapili mchungaji akiuliza jina, nitamjibu mimi.”