Dashibodi ya Mgrivea

Niliporudi kutoka kwa dada yangu Beryl, mjini Warwick, nilikuta kabati la marehemu baba limebaki na mlango mmoja, na mume wangu amesimama katikati ya banda akiwa amevaa miwani ya kuogelea. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. Mlango mwingine ulikuwa umelazwa juu ya meza yake ya kazi, bawaba zimeng'olewa, kitasa kimetupwa kwenye kopo la misumari. Garth aliniangalia kama mtu aliyefumwa akionja keki ya wageni, kisha akatabasamu.

"Des, kabla hujasema kitu," akasema, "hebu tazama hii mbao ilivyo."

Kana kwamba siijui. Baba alilitengeneza kabati lile kwa mgrivea alioukata mwenyewe nyuma ya nyumba yetu kule Crows Nest, mwaka aliomwoa mama. Mgrivea ukipasuliwa na mtu anayejua, mbao zake hucheza na mwanga, ukisogea nazo zinasogea. Baba alichukua mbao mbili zilizopakana ndani ya gogo moja akazifanya milango, ili marembo ya upande mmoja yatazamane na ya upande wa pili. Kabati liliishia bandani kwa sababu Garth alisema haliendani na samani za chumba chetu, nami nikakubali, maana kukubali kulikuwa ndiyo kazi yangu.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Ungekataa."

Hapo alisema kweli, jambo ambalo kwa Garth halitokei kila siku. Nikaenda zangu jikoni kubandika birika.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya gari. Ni gari dogo la Kiingereza, jekundu, la viti viwili, lenye paa la turubai lisilozuia mvua wala jua, nalo lilizeeka kabla ya mimi na Garth kuoana. Alilinunua alipostaafu kuuza bima, akaniambia ni letu sote wawili. Usukani wake sikuwahi kuushika. Klachi, alisema, inataka mguu mwepesi. Akaniambia hivyo mimi, niliyejifunza kuendesha kwenye lori la maziwa la baba. Jua la mji wetu wa Toowoomba lilikuwa limeipasuapasua dashibodi ya zamani ikawa kama kisigino kisichopakwa mafuta. Wenzake wa chama cha wenye magari ya zamani waliagiza mpya za plastiki, wakazifunga, wakaendelea na maisha. Garth akatangaza kuwa plastiki ni ya watu wasio na mikono, na kwamba yeye atachonga ya mbao, nyumbani, peke yake. Picha yetu ya harusi aliitundika yeye, ikamlia wikiendi nzima, na mpaka leo imepinda.

Kila Jumamosi walikuja rafiki zake Kelvin na Roly, wakasimama bandani na makopo ya bia mkononi, wakatoa ushauri juu ya kazi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuifanya. Kelvin alikuwa fundi bomba mstaafu, mtu mpole, mwenye masikio makubwa. Roly alikuwa Roly tu. Waliongelea vanishi kama madaktari wanavyoongelea mgonjwa aliyelala, na mimi niliwapelekea mikate ya nyama ya kopo na achari, nikasikiliza, nikarudi ndani. Niliwadharau wote kwa utulivu, kama wanawake wengine wanavyofuma sweta. Jioni nilimpigia dada yangu Beryl nikamsimulia, tukacheka mpaka tukakohoa. Nilijiona mwerevu sana. Nilidhani mtu anayecheka hivyo hawezi kuwa ameonewa.

Kiolezo cha dashibodi alikipata kwenye mtandao, kwa mwenzake mmoja wa Ohio mwenye gari kama lile. Alikichapisha karatasi kwa karatasi, akaziunga kwa gundi, akakilaza juu ya mlango wa baba kwa heshima ambayo baba mwenyewe hakuipata kwake alipokuwa hai. Alikata matundu ya mita, za mwendo na za mafuta. Alilainisha kingo za mbele zikawa mviringo, akachimba mifereji ya waya upande wa nyuma, akapiga msasa, akapaka vanishi tabaka baada ya tabaka. Na ilipendeza. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ningependa ingekuwa takataka.

Jumamosi ya kuifunga, walikuwa wameshaing'oa dashibodi ya zamani, na mita zote zilining'inia kwenye waya zake. Nilifika na sahani wakati wanaisogeza ile mpya mahali pake, Garth upande huu, Roly upande ule. Iliingia barabara. Kisha wote tukaliona.

Tundu kubwa la kipima mwendo lilikuwa limetulia mbele ya kiti cha abiria. Mbele ya usukani kulikuwa na nafasi safi, ya mraba, ya kijidroo cha kuwekea glavu.

"Garth, mzee," akasema Kelvin taratibu, "huyu jamaa yako wa Ohio. Kwao usukani unakaa upande gani? Si kushoto?"

Roly alilazimika kuweka bia yake chini. "Si mbaya, bwana. Shemeji atakuwa anakusomea. 'Baba watoto, tisini hizo, punguza.'"

"Igeuze basi, nyuma iwe mbele," akasema Kelvin.

"Nyuma si ameshaichimba mifereji, Kel," akasema Roly. "Itaonekana imeliwa na panya."

Garth hakucheka. Masikio yalimwiva. Alitazama mbao, akamtazama Roly, kisha akaniona mimi mlangoni na sahani yangu, na nikaona jinsi uso wake ulivyopata nafuu.

"Ni huyu," akasema. "Mara chai, mara simu, mara Beryl kasema hivi. Mtu ataweza vipi kufikiri kwenye nyumba hii?" Akafuta mikono kwenye suruali. "Hakuna neno lakini. Kuna mlango mwingine. Bahati nzuri baba yake, mzee Alf, alitengeneza miwili."

Nilisubiri dharau yangu ije, maana ilikuwa haijawahi kuchelewa. Ilikuja, nayo haikunisaidia chochote. Niliona kwamba miaka yote ile Garth hakuwahi kuumwa nayo hata kidogo. Nilimdharau huku nampakia siagi kwenye mkate, naye alikula, akashiba, akaomba mwingine. Aliyekuwa amebaki na kabati lenye mlango mmoja ni mimi. Moyo uliniuma, na uliniuma kwa ajili yangu mwenyewe, jambo nililokuwa nimelisahau.

Nikaweka sahani juu ya boneti. Hilo peke yake lilimfanya ashtuke. Nikachukua bisibisi mezani, nikaenda kwenye kabati, nikaanza kufungua bawaba.

"Asante, mpenzi," akasema Garth. "Ila polepole, usiyakwaruze marembo."

Mlango ulikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka. Niliubeba nikaipita meza yake ya kazi, nikausimika mbele ya kiti cha abiria, paa likiwa limekunjwa, nikauegemeza nyuma ukachomoza juu ya buti, nikaufunga kwa mkanda wa kiti na kamba ya kuanikia nguo.

"Des, siyo hapo. Ulete mezani."

"Najua meza iko wapi."

Nikaingia upande wa usukani. Dashibodi walikuwa wameiachia, imelala sakafuni mwa banda. Ufunguo wa gari lile haukai kwenye dashibodi, unakaa ubavuni mwa usukani, na ulikuwa mahali pake.

"We, Des. Desley. Huwezi. Hakuna kipima mwendo humo, hakuna geji ya mafuta. Hutajua unaenda kasi gani."

"Nitajua naenda."

"Kelvin, mwambie."

Kelvin alimwangalia, akaniangalia mimi, akautazama mlango kwa muda. Kisha akatoa funguo zake mfukoni. "Ngoja nisogeze gari langu, shemeji," akasema. "Nimekuzibia njia."

Injini iliwaka mara moja. Klachi haikutaka mguu mwepesi hata kidogo. Ilikuwa ngumu kama ya lori la maziwa, nikaikanyaga. Garth alitembea pembeni yangu hadi getini, akiongea, mkono wake kwenye mlango wa gari, na pale lami ilipoanza ilimbidi auachie.

Kwenye barabara kuu ya kusini dereva wa lori la ng'ombe alinipigia honi. Sijui ilikuwa kwa ajili ya mzigo wangu au kwa sababu naenda polepole mno. Mita zilining'inia kwenye waya zikinigonga magoti, nyingine zinatazama chini. Upepo uliingia mdomoni. Simu iliita ndani ya mfuko wa aproni, ambayo nilikuwa sijaivua, ikaita mpaka ikachoka.

Kama mafuta yangenifikisha Warwick kwa Beryl, sikuwa na namna ya kujua. Nikaingiza gia ya nne.