Upara wa Watoto wa Wakhungu

Wekoye alikuwa hajafika miaka thelathini na mitano, na utosi wake ulishakuwa mtupu, bila nywele. Huko Kitale alikouza mahindi, hakuna aliyemwona bila kofia. Alipaka mafuta, akapaka maji ya vitunguu, wapi! Mwisho akaenda kwa daktari wa ngozi, mama aitwaye Mulki.

Daktari alimtazama kichwa, kisha akampima presha na kiuno, akamdunga kidole kutoa damu.

"Daktari, mimi nimekuja kwa sababu ya nywele."

"Najua. Upara wenyewe si ugonjwa. Lakini ukianza mapema hivi, mara nyingine huandamana na sukari au presha. Sukari yako imeanza kupanda. Kwenu kuna mwingine mwenye upara?"

"Ndugu yangu mkubwa, Barasa. Yuko Bungoma."

"Mwambie naye apimwe."

Jumapili Wekoye akashuka Bungoma. Barasa alimsikiliza, kitambi kikitikisika kwa kicheko.

"Ati nywele? Achana na hayo, bana, tafuta bibi! Baba yetu, Mzee Wakhungu, alikuwa na upara, na si alilima mpaka uzeeni?"

Phelista, mke wa Barasa, hakucheka. "Lakini kiu yako haiishi," alisema taratibu. "Na hicho kidonda cha mguu hakiponi."

Barasa alimkata jicho. Wekoye, asiyezoea kubishana na mkubwa wake, akanawa mikono, akala.

Mvua ziliponyesha, kidonda kilikuwa kimeoza. Hospitalini walimkata mguu, lakini sumu ilishaenea mwilini. Barasa hakurudi nyumbani akiwa hai.

Baada ya mazishi, siku ya wafiwa kunyolewa nywele kwa desturi, ukoo ulikaa uani, mmoja mmoja akiinamisha kichwa. Zamu ya Hillary, kitinda mimba wao, ilipofika, Wekoye aliona nywele zake zimeanza kurudi nyuma kwenye paji. Alimngoja amalize, akamvuta kando.

"Kesho twende ukapimwe sukari."

"Mimi? Kwani nimeugua?"

"Barasa naye alijiona mzima hivyo hivyo."

"Usinilinganishe na marehemu!" Hillary alijitoa mkononi mwake, akaondoka bila kuaga.

Phelista, kichwa kitupu kikimfanya aonekane mdogo kuliko umri wake, alikuja akasimama karibu na shemeji yake.

"Atakubali?"

Wekoye alitikisa kichwa. Hakujua. Wakabaki wamesimama hapo, wakimtazama kijana akishuka barabarani peke yake.