Redio Ndani ya Sufuria

...na sasa atautamka, hapo hapo sebuleni, ataukunjua ule msemo wa Kiingereza wa kugeuza ukurasa mpya kama mtu anayekunjua suti ya kuazima, kikombe kimeshatakata lakini dada mtu, jikoni, anaendelea kukisugua, bomba kalifungua kidogo tu ili asikie, maana mdogo wake, Bwana Kesho wa ukoo mzima, hajawahi kuacha pombe kwa lugha ya mama yake, kila mara huiacha kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza ni nani kama si yeye dada, anayeuandika msemo huo huo ubaoni, husemwa juu ya mtu aliyeacha mwenendo mbaya akaanza upya, haya tungeni sentensi, na watoto wanatunga, mjomba amegeuza ukurasa, jirani amegeuza ukurasa, naye anasahihisha akijisemea kimoyomoyo kuwa wa kwao amemaliza daftari zima na mwandiko ni ule ule... "Umekonda, baba," mama anasema, "kula basi," kijiko kinagonga sahani, atasema akishashiba, mara ya mwisho aliusema mkono kifuani, mama akalia kwa furaha, wiki haikuisha pasi ya nguo ikaota miguu, redio ikaifuata, zote zikaishia kwenye chupa, ndiyo maana redio hii mpya, kabla hajapiga hodi, imetumbukizwa kwenye sufuria kubwa chini ya meza ya jikoni, mfuniko juu, kazi ya mikono yake yeye dada, na shahada yake ukutani... "Mama, redio iko wapi? Si saa ya habari hii?" Mama hajui kudanganya, atakohoa, haya, anakohoa... "Mmeificha," anasema mdogo wake, bila kununa, "hata mimi ningeificha." "Aa, ni dada yako tu, baba..." "Dada ana akili. Iacheni huko huko mpaka niondoke." "Kwani umeacha?" "Sijui, mama. Leo sijanywa." Dada anangoja Kiingereza kifuate, hakifuati, kinachofuata ni kijiko, naye anataka kucheka peke yake kama chizi, miaka yote anafundisha maana na matumizi na hajaona hata mmoja akiutumia msemo ule vizuri, kumbe huyu, kwa kuunyamazia... maji yanachuruzika, kikombe kingali mkononi, mfuniko uko pale pale juu ya sufuria, naye anajikuta akiwaza kama betri za redio bado zina nguvu za kusikilizia habari.