Wimbo wa Matopeni wa Bibi Iwa

Bibi yangu Iwa ndiye aliyekuwa amebaki peke yake kijijini kwetu Akita, kaskazini mwa Japani, akiujua wimbo wa kupandikiza mpunga, ule wa zamani, wa kabla serikali haijapeleka vinanda mashuleni. Wenzake wote walishakufa. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kinakoroma kama birika, na daktari alishaninong'oneza nisimtegemee kufika msimu wa kupanda. Nami huko Tokyo nilikuwa naandika tasnifu kuhusu jinsi shule zilivyoifundisha Japani nzima kuimba kwa sauti moja. Bila wimbo ule nilikuwa na maneno matupu. Basi nikaenda na kinasa sauti, theluji imefika madirishani.

Kazi ikanishinda siku ileile. Nikibonyeza kitufe tu, Bibi anatoka chini ya blanketi la meza ya joto, ile yenye jiko chini yake, anakaza kimono, anapiga magoti, ananyoosha mgongo na kuimba wimbo wa shule: mlima, maua, utii kwa mfalme mkuu. Utadhani yuko mbele ya mkaguzi.

"Bibi, sitaki huo!"

"Huo ndio wimbo."

"Nataka ule wa shambani."

"Wa matopeni? Kwenye mashine ya chuo kikuu? Thubutu! Unataka watu wa Tokyo wanicheke, waseme Iwa mshamba?"

"Kwani wewe si mshamba, Bibi? Na mimi pia."

"Wewe mshamba gani, unakula mchele wa kununua!"

Nikabembeleza, nikanuna, nikamletea keki za maharage. Keki akala, wimbo ng'o. Ikawa kumpigia mbuzi gitaa. Profesa wangu, Haneda, akapiga simu: "Vipi Mitsuyo, umeshaupata?" Nikamwambia bado, halafu nikaenda bafuni kulia kwa hasira. Ningemlaumu nani? Mwalimu wake alikuwa akimchapa vidole kila sauti ilipopotoka. Mwalimu huyo ameshakuwa majivu zamani, lakini fimbo yake bado inachapa.

Asubuhi moja nikamkuta jikoni anageuza figili za kuchachusha kwenye pipa la pumba za mpunga, mikono imezama hadi viwikoni. Akaanza kuimba. Sauti ya chini, inayokwaruza, inapanda pale usipotarajia, inatulia katikati ya sauti mbili, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Nikaganda mlangoni. Mashine ilikuwa chumbani, na sakafu ya nyumba ile inalia ukiikanyaga. Ningesogea, angenyamaza. Nikasema basi, nitaushika kichwani. Nimesoma muziki tangu chekechea, nitashindwaje?

Alipomaliza nikakimbia chumbani, nikawasha mashine, nikaimba. Nikajisikiliza.

Lo! Ulikuwa wimbo wa shule. Maneno ni ya matopeni, ila sauti zote zimepanda kwenye ngazi ya kinanda na kujipanga kama wanafunzi gwarideni. Nikarudia. Vilevile. Na kila nikirudia, ule wa Bibi unazidi kunitoka. Nikaogopa kweli. Nilikuwa naandika kuhusu masikio ya watu wengine, kumbe na yangu yalishafinyangwa kwenye shule hizohizo.

Nikarudi jikoni na mashine mkononi, haya imeniisha.

"Bibi, nisaidie. Nakosea wapi?" Nikamwimbia.

Akatoa mikono kwenye pumba. Akasikiliza, kichwa ameinamisha upande. Uso ukamng'aa.

"Hee! Kumbe hivyo ndivyo unavyotakiwa kuimbwa?"

"Hapana, Bibi, mimi ndiye nimekosea..."

"Msomi wa chuo kikuu, utakoseaje? Sisi ndio hatukufundishwa. Mama yangu, maskini, aliuimba kombo maisha yake yote."

Akafuta mikono, akapiga magoti sakafuni, akanyoosha mgongo.

"Washa mashine. Huu sasa siuonei aibu."

"Bibi, tafadhali, uimbe kama ulivyokuwa unauimba sasa hivi, pale kwenye pipa."

"Upi? Ule wa kombo? Umeshanitoka, na uende zake. Washa, mjukuu wangu, kabla sijausahau na huu."

Nikawasha. Akauimba wangu kwa sauti safi, bila kukosea hata mahali pamoja, huku ananitazama usoni aone kama nimeridhika. Nikamwitikia kwa kichwa. Ningefanya nini?