Kalori Mbili za Mama Lucy

Haya nilisimuliwa na Scholastika, mke wa Urbano, Jumatatu iliyopita tulipokuwa tunapeta uwele nyuma ya nyumba yake kule Itigi. Yeye mwenyewe alikuwepo, benchi moja na mhusika, kwa hiyo mimi sijaongeza chumvi. Iliyomo aliitia yeye.

Mwaka huu mvua ilichelewa mpaka majani ya mahindi yakajikunja kama karatasi ya kufungia ugoro. Kanisa la mtaa wao likaitisha mfungo wa siku tatu wa kuomba mvua. Maji matupu, hakuna kingine. Mzee wa kanisa, Melkiori, mtu wa kunyoosha jambo mpaka likatike, akaweka sharti: mmoja akila, hata punje, wote wanaanza upya siku ya kwanza. Watu wakaitikia amina, maana siku hiyo walikuwa bado wameshiba.

Raheli, ambaye wote humwita Mama Lucy, alifunga kwa moyo mmoja. Siku ya kwanza ilikwenda. Siku ya pili magoti yakaanza kumuuliza maswali. Siku ya tatu mchana, akijiandaa kwenda kwenye ibada ya kufungulia, akalikumbuka kopo alilotumiwa na bintiye Lucy, anayefanya kazi hotelini Dodoma. "Mama, hayo ni maji tu," Lucy alimwambia kwenye simu, "yana gesi na ladha ya ndimu, basi." Raheli akajisemea, maji si yameruhusiwa? Akalifungua, likamfokea fsss, akalinywa lote kwa mkupuo. Kopo tupu akalitia kwenye mkoba, maana kopo zuri halitupwi.

Sasa, gesi ikiingia kwenye tumbo lililokaa tupu siku tatu haina wa kuzungumza naye. Inazunguka weee, inatafuta mlango. Kanisani kulikuwa kimya. Mzee Melkiori alipofika kwenye maneno, "Matumbo yetu matupu, Ee Bwana, ndiyo mashahidi," Raheli akabeua.

Haikuwa mbweu ya kufunika na kiganja. Ilikuwa mbweu ya mtu aliyemaliza mbuzi peke yake akalamba na sufuria. Mtoto aliyelala benchi la nyuma akaamka analia.

Na kule kwetu hakuna aliyewahi kubeua njaa. Watu arobaini wakageuka. Raheli akaona jinsi pua zao zinavyonusa, wapate kujua ni kuku au ni maharage.

"Mama Lucy," akasema Melkiori, "umekula nini?"

"Sijala, mzee. Nimekunywa maji."

"Maji ya kisima gani hayo yenye mbweu?" akadakia Joshua, fundi baiskeli. "Tuonyeshe na sisi tukachote!"

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya kanisa kuku tisa walikuwa jikoni tayari kwa saa kumi na mbili, na harufu yao ilikuwa inaingia dirishani bila hodi. Raheli akaelewa amesimama wapi. Maji yake yakihesabiwa kuwa chakula, kuku wale wanafungiwa kabatini na watu arobaini wanafunga siku tatu nyingine kwa ajili yake. Asingepata wa kumsalimia mpaka anazikwa.

Akalitoa kopo mkobani. Maandishi yake ni Kiingereza, tena madogo kama mayai ya chawa, kwa hiyo akaitwa Janeth, nesi wa zahanati. Juu kopo lilikuwa limebonyea, akaanza kusoma kutoka chini.

"Protini, sifuri."

"Amina," akasema mtu kwa mazoea.

"Mafuta, sifuri."

"Amina!" wakasema wengi.

"Sukari, sifuri."

"Haleluya!" Hiyo ilikuwa ya Scholastika, na alipiga makofi.

"Chumvi, chembe."

Wote wakamtazama Melkiori. "Chembe ya chumvi hata machozi yanayo," akasema upesi. "Endelea."

"Hapa juu pamebonyea, mzee, hapasomeki."

Joshua akalichukua, akaingiza kidole gumba, akaminya. Pwak! Janeth akalisogeza kwenye mwanga. Akarudia kusoma kwa macho tu.

"Soma, nesi."

"Nishati," akasema Janeth. "Kalori mbili."

Hapo hakuna aliyesema amina.

"Kalori ndiyo nini?" akauliza Melkiori.

"Ni kipimo cha nguvu tunayoipata kwenye chakula."

"Kwenye chakula!" Melkiori akalidaka neno, na papo hapo uso wake ukaonyesha kwamba angependa kulirudisha.

"Lakini mzee, sahani ya ugali inazo mia nne, mia tano. Hizi mbili ni kama ule ugali unaobaki kwenye kucha."

Watu wote wakatazama kucha zao. Joshua akatia zake mfukoni.

"Ugali wa kwenye kucha ni ugali," akasema Melkiori kwa huzuni. "Nilisema hata punje."

Lazaro, mrina asali, akasimama akishikilia benchi la mbele. "Mzee, huyu mama ametembea toka kwake mpaka hapa. Hizo mbili si zimeshaungua njiani?"

"Ni kweli," akasema Janeth. "Hatua hamsini tu zinatosha."

Watu wakapumua. Lakini Melkiori hakuwa mtu wa kuacha kamba ikiwa legelege. "Mtajuaje zilizoungua ni za kopo," akauliza, "na si za ugali wake wa Jumapili?"

Wakamgeukia nesi. Hata Janeth alisema chuoni hawakufundishwa hilo.

Ndipo Raheli akainuka, polepole, kwa sababu ya magoti.

"Nesi, mtu akikaa tu, bila kufanya kitu, anatumia kalori ngapi?"

"Kama moja kila dakika, mama."

"Basi, Mzee Melkiori, mimi nimewazidi wenzangu kwa dakika mbili. Ninyi mle saa kumi na mbili kamili. Mimi nitakaa dakika mbili zaidi. Hapo njaa yangu itakuwa sawasawa na yenu, haipungui, haizidi."

Melkiori akafumba macho, akapima, akapima tena. Tumbo lake likanguruma, ikawa kama limepiga kura.

"Dakika hizo zitapimwa kwa saa yangu," akasema. Amina iliyotoka hapo ilitikisa mabati.

Saa kumi na mbili wote wakatoka nyuma ya kanisa, Melkiori akaomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, kisha akasimama mbele ya kigoda cha Raheli, mgongo kwa sufuria, macho kwenye saa. Nyuma yake watu arobaini wenye njaa ya siku tatu wakawaangukia kuku tisa. Hakukuwa na mazungumzo, ni mifupa tu.

"Sekunde thelathini," akasema Melkiori.

"Mzee, mapaja yanaondoka," akasema Raheli, aliyekuwa anaona.

"Usinisemeshe, nitapoteza hesabu."

"Sasa mabawa."

"Mama Lucy!"

"Mgongo huo unaenda. Joshua ana shingo mbili."

"Nyamaza, mama, zimebaki kumi!"

Zilipotimia wakakimbilia sufuria pamoja. Ulikuwamo mguu mmoja, ule wa kuparulia. Wakatazamana.

"Chukua wewe, Mama Lucy, umefunga zaidi yetu."

"Aa, chukua wewe mzee, umesimama."

"Siwezi."

"Nami siwezi."

Joshua akawaonea huruma, akaula yeye.

Basi wakaketi wawili, wakala ugali kwa mlenda bila neno, na Raheli anaapa haujapata kupikwa mlenda mtamu kama ule. Kuwazunguka, watu walikuwa wameanza kulala palepale walipokaa, mmoja baada ya mwingine, kama kuku wanaopanda dari. Joshua alilala na mfupa mdomoni. Scholastika alilala katikati ya sentensi. Melkiori alilala ameegemea nguzo, saa bado mkononi. Raheli akameza tonge la mwisho, akanawa, akatafuta wa kumwambia usiku mwema asimpate, akajifunika kanga, akalala.