Baba Anabadilisha Kiwanja

Jirani wa Baba, yule fundi saa wa nyumba ya pili, anadai kwamba shemeji yake aliwahi kupotelea kati ya viwanja viwili vya ndege vya jiji hilo. Si kupotea kwa dakika kumi, la. Anadai shemeji alishukia kiwanja cha kaskazini, akaambiwa ndege yake ya pili inaondokea kiwanja cha kusini, akapanda basi, akasinzia, akaamka amesharudishwa alikotoka. Akapanda tena, akasinzia tena. Siku tatu alikwenda na kurudi kama ule mkia wa saa ya ukutani, madereva wakimpa mikate, mpaka wakamwonea huruma wakamtafutia kazi ya kubeba mizigo. Na eti mpaka leo yuko huko, ameoa, ana watoto wawili, na ile tiketi ameitia kwenye fremu.

Baba hakuyaamini yote. Aliamini nusu, na nusu ya uongo wa fundi saa inatosha kumnyima mtu usingizi wiki nzima. Tiketi alinunuliwa na mwanawe mkubwa, anayeishi nchi ya mbali na amepata mtoto wa kwanza, na mtoto huyo lazima babu yake amwone. Kwa kuwa tiketi ya rahisi haikosi mwiba, hii iliandikwa hivi: fika kaskazini saa nne asubuhi, ondoka kusini saa nane na nusu mchana. Katikati hapo jiji zima limelala kama ng'ombe njiani.

Basi zile saa nne na nusu, ambazo kwa Baba zilikuwa balaa, kwa binti yake wa mwisho zilikuwa bahati. Nyumbani walimwita Kimya. Alikuwa mfanya usafi wa kiwanja cha kaskazini, sehemu ya wanaowasili, na miaka sita hakuwa amemtia baba yake machoni. Siku hiyo alibadilishana zamu na mwenzake, akavaa nguo zake za kawaida, akasimama kwenye kile kile kizuizi ambacho kila siku hukifuta kwa kitambaa. Miguu ilimwasha kidogo. Hakuzoea kuikanyaga sakafu ile bila kuikagua.

Neno alilomwekea Baba lilikuwa moja tu. Alitaka kuolewa, na mtu aliyemtaka alikuwa dereva. Mwaka jana alipolisema kwenye simu, Baba alijibu, "Mlete mwalimu, mlete mganga, mlete hata fundi saa. Dereva, hapana." Kisha simu ikakatika, na mpaka leo Kimya hajui kama ilikatika au ilikatwa.

Ndipo Baba akatokea. Koti la kijivu, begi moja mkononi, shingo juu, anasoma vibao vyote kwa zamu.

"Baba."

"Mama, umekonda," Baba akasema, na kabla hata hajamaliza kumkumbatia, "Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na dakika ishirini na tano."

"Basi linaondoka saa ngapi?"

"Baba, hujaniona miaka sita."

"Nakuona. Basi linaondoka saa ngapi?"

"Saa tano kasorobo. Tunaweza pia kwenda kwa treni, ni haraka zaidi."

Baba akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa upole. Alikuwa ameendesha mabasi ya safari ndefu miaka thelathini na moja. "Treni," akasema. "Kitu kisichojua hata kukata kona."

Kimya alijua atasema hivyo, na ndivyo alivyotaka. Maana basi la saa tano kasorobo lilikuwa na dereva wake, na dereva huyo ndiye mchumba mwenyewe. Jana alikuwa amemwonya: "Usiseme lolote. Wewe endesha tu. Baba yangu hamsomi mtu usoni, anamsoma mikononi."

Wakapanda. Dereva akatoa salamu kama kwa abiria yeyote, ila kofia aliivua, na hakuna abiria mwingine aliyevuliwa kofia. Baba akachagua kiti cha mbele kabisa, nyuma ya usukani, akaweka begi mapajani mwa binti yake, akakunja mikono. Hawajafika hata kwenye geti la kiwanja, akaanza.

"Kijana, hapo ungeingia gia ya tatu."

"Hili halina gia za mkono, mzee. Linabadilisha lenyewe."

"Halina gia?"

"Halina."

Baba akalifikiria jambo hilo mpaka taa za kwanza za barabarani. "Basi wewe ni abiria kama mimi," akasema, "tofauti umekaa mbele."

Abiria wakacheka. Dereva naye akacheka, na hakukanyaga breki kwa hasira kama wengine wangefanya. Baba akamfundisha kuiona taa ya njano kabla haijawaka, akamfundisha kutoliamini gari dogo jekundu, akamuuliza upepo wa matairi, lini alibadilisha oili, na kama mlango ule unapiga kelele siku zote au leo tu. Kila swali lilijibiwa, "Sawa mzee," au "Jumatatu, mzee," na basi likateleza kama maji kwenye bomba. Nyuma, abiria mmoja mwenye miwani alikuwa ameweka simu chini ili asikie vizuri.

Kimya akaona mambo yanakwenda. Akaona chuma kimepata moto.

"Baba, kuhusu lile jambo."

"Lipi?"

"La simu."

"Nililijibu."

Wakavuka daraja refu. Halafu Baba, macho yake bado barabarani, akaanza kusema kwa sauti ya chini.

"Mama yako alikuwa anapakua sahani mbili. Yake na yangu. Yangu anaifunika. Mimi niko huko porini, chini ya basi, nafunga mkanda wa feni kwa tochi. Asubuhi anaifunua, anaila yeye, kwa kuwa chakula hakitupwi. Miaka thelathini na moja mwanamke anakula cha jana. Nimeyajua haya amekwisha kufa, dada yake ndiye aliyeniambia. Sasa na wewe unataka kufunika sahani?"

Kimya alikuwa na jibu, tena alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafu. Lakini hilo la sahani hakulijua. Mbele yao, masikio ya dereva yalikuwa yamesimama kama ya sungura. Kimya akainama kwenye begi kutafuta leso.

Hapo ndipo basi liliposimama kituo cha nne, mbele ya hospitali, kumshusha mama mwenye kigari cha mtoto. Dereva akateremka kumsaidia, akarudi kitini. Na Baba naye, ambaye tangu darajani alikuwa amesikia tairi la nyuma likiimba, akashuka taratibu kwenda kulitazama. Hakumuaga mtu. Miaka yote hiyo, gari likisimama, yeye hushuka na kukagua matairi. Asiposhuka ni mgonjwa.

Akalipiga teke tairi hilo, likajibu vizuri. Akalipiga na mwenzake. Ameridhika, akaupiga ubavu wa basi makofi mawili.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia kwenye mabasi ya zamani anajua: kofi moja, simama, makofi mawili, ondoka. Baba alipiga mawili kwa mazoea, maana ndivyo alivyofunga ukaguzi siku zote. Tofauti ni kwamba siku hizo zote aliyerudi kushika usukani alikuwa yeye mwenyewe. Na dereva wetu, kabla ya basi hili lisilo na gia, alikuwa utingo miaka minne, ananing'inia mlangoni. Makofi mawili hayakupita kichwani mwake, yalikwenda moja kwa moja miguuni. Mlango ukajifunga. Akatazama kioo cha kulia kuona nafasi ya kuingilia barabara kuu, akaiona, akaondoka.

Kimya alikuwa bado ameinama na leso yake. Aliyegundua ni yule abiria wa miwani.

"Dereva," akasema, "mbona hatufundishwi tena?"

Dereva akatazama kioo cha ndani. Kimya akainua kichwa. Kiti kilikuwa kitupu, kina joto lake bado.

"Baba yuko wapi?"

"Si alikuwa hapo nyuma yangu?"

"Umemwacha. Umemwacha Baba."

"Yamepigwa mawili," dereva akasema. "Nimesikia mawili."

"Nishushe."

"Hapa barabara kuu, Kimya, hakuna pa kushukia. Kutokea ni mbele huko, na nina watu kumi na tisa, kila mmoja na ndege yake."

"Hana simu inayoshika huku. Pasipoti yake ninayo mimi, humu begini. Dirisha la mizigo linafungwa saa saba na nusu."

Saa hiyo ilikuwa inakaribia sita, na mbele magari yalianza kubanana. Dereva akavuta redio ya basi akamwita mwenzake wa basi la nyuma yao, ambaye wenzake humwita Kasuku kwa sababu unazozijua.

"Kasuku, kituo cha nne, mbele ya hospitali. Kuna mzee, koti la kijivu. Mpakie, usimwache kwa lolote."

"Mzee gani?" redio ikauliza.

Dereva akamtupia Kimya jicho. "Yule," akasema.

"Yule yule?" Redio ikakoroma, na ikawa wazi kwamba inacheka.

Kimya alikaa na begi la baba yake kifuani. Abiria wa miwani akajaribu kumtuliza, akamwambia wazee huwa wanakwenda kuuliza njia, kisha wanapotea zaidi, kisha wanapatikana. Haikumtuliza. Lakini kadiri basi lilivyojikokota, akili ilimrudia. Baba yake hawezi kuondoka kituoni. Mwingine angeondoka; yeye, hapana. Kituo ndicho kilichomlea. Atasimama palepale, mikono nyuma, akihesabu dakika za kuchelewa za basi linalofuata.

Wakafika kusini saa sita na nusu. Abiria wakashuka, wakavuta masanduku yao, na yule wa miwani akawaambia wamsalimie mzee. Dereva alikuwa na mapumziko ya kula. Hakula. Alisimama kando ya basi na kofia yake mkononi.

"Nimekwisha," akasema. "Mwenzangu anakwenda kuomba binti wa watu. Mimi namtupa baba mtu barabarani."

Kimya hakutaka kucheka, na akacheka. Halafu wakatazama barabara pamoja. Ikapita saba kamili. Ikapita na dakika tano. Saa saba na dakika kumi basi la Kasuku likapinda kona, na Baba akashuka wa kwanza, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi ana nusu ya mkate.

"Amekataa kupanda," Kasuku akatangaza kutoka dirishani. "Anasema yeye tiketi yake ni ya basi la mbele. Nikamwambia mzee, panda, dereva wa basi la mbele ndiye atakayekuwa mkweo. Akapanda."

Kimya akatamani sakafu immeze, ile ya kusini, ambayo hata si yeye anayeifuta. Baba alimpita binti yake, akamwendea dereva, akasimama mbele yake. Walikuwa urefu mmoja.

"Mzee, nisamehe. Nimekuacha."

"Nilipiga ngapi?"

"Mawili."

"Mawili ni nini?"

"Ondoka."

"Basi uliondoka. Ungebaki, ningekushangaa." Baba akakata kipande cha mkate, akakitafuna kwa makini. "Lakini vioo ni viwili, kijana. Ulitazama cha kulia. Cha kushoto nilikuwemo mimi, nakupungia kama mpumbavu."

"Kweli mzee."

"Usirudie. Baba mkwe hapatikani kila kituo." Kimya alilisikia neno hilo, akalikumbatia begi, na Baba akaendelea: "Usiku unalala wapi?"

"Nyumbani, mzee. Nakwenda raundi nne, saa kumi na mbili jioni narudisha basi yadi, saa moja niko kwangu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Jumapili siendi kabisa."

Baba akamgeukia Kimya. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama bila kuuliza saa. "Mbona hukuniambia huyu anarudi?"

"Ulikata simu, Baba."

"Ilikatika."

"Sawa Baba. Ilikatika."

Kasuku alikuwa amezima injini ili asikose hata silabi moja. Baba akamkabidhi nusu ya nusu ya mkate iliyobaki, akafuta mikono kwenye koti.

"Nikirudi kutoka kwa kaka yako, baada ya wiki tatu, napita tena hapa. Nitakuwa na saa tano. Nataka nile kwenu, nikiwa nimekaa, chakula cha moto, sisi sote watatu mezani kwa wakati mmoja. Nikiona sahani imefunikwa, nimeghairi."

"Hutaiona, Baba," Kimya akasema. Leso ilikuwa mkononi, na safari hii hakuinama kuificha.

Wakamsindikiza mpaka mlango wa kioo. Foleni ya mizigo ilikuwa fupi, dakika zilikuwepo. Baba akachukua begi lake, akamkumbatia binti yake vizuri, kama alivyopaswa kufanya saa nne asubuhi. Dereva akampa mkono, na Baba hakuuachia. Alitazama nyuma, pale basi lilipoegeshwa, jeupe, limeoshwa, halina hata tone la oili chini yake. Akasogea karibu, akashusha sauti ili Kasuku asisikie.

"Mwanangu," akasema, "hilo lako lisilo na gia. Nikirudi, ungenipisha kidogo nilishike? Si mbali. Mpaka ile kona tu."

Dereva akamtazama Kimya. Kimya akawa anasoma ubao wa safari, mstari kwa mstari, kama mtu aliye na ndege ya kuwahi.