Mchungwa Wangu Mrefu

Mume wangu Lukasi alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba za wataalamu wa shamba la ngano. Siku moja akarudi kijijini kwetu Endasak na miche miwili ya michungwa mifupi, mmoja wangu, mmoja wa Justina, mke wa mdogo wake. Kwa nini Justina? Tayari mama mkwe alikuwa anamsifia uji, kufagia, hata anavyokohoa. Mimi miaka mitano katika mji ule wa wakwe sikuwahi kuambiwa "umefanya vizuri". Nikajiapiza kuwa chungwa la kwanza mama atalila kwangu.

Lukasi alitufundisha sote wawili. Kombaini zikishamaliza kuvuna ngano, kabla mvua haijaleta maua, toa matawi makavu na yanayosongamana katikati. Halafu kata kila chipukizi linalotoka chini ya kovu, pale mchungwa ulipobebeshwa, yaani kuunganishwa, juu ya shina la mlimau wa porini.

Mwaka wa tatu, Lukasi akiwa amehamishiwa kambi ya mavuno, akija nyumbani mara chache tu na usiku, mti wangu ulitoa tawi moja lililonyooka likanipita kichwa. Lilikuwa na miiba mirefu, nikasema vizuri, wezi wataogopa. Wa Justina ulikuwa bado unamfika kiunoni.

Akaja na mkasi wa Lukasi.

"Shikamoo dada. Hilo tawi limetoka chini ya kovu. Nikukatie?"

"Marahaba. Kakate la kwako."

Alipoondoka nilicheka peke yangu. Kumbe anaumia! Nikachukua kisu, nikakata vijitawi vyote vifupi vya juu ya kovu vilivyokuwa vinalibana tawi langu.

Mwaka uliofuata likazaa matunda ya njano, makubwa, ganda limekunjamana. Sikuonja hata moja. Nilimwita mama, nikamwita na Justina ili aone, nikamenya mwenyewe.

Mama akatafuna. Jicho moja likafumba, machozi yakamtoka. Nikajua ni limau la porini. Hakutema. Alimeza, akachukua kipande cha pili, akakila chote.

"Umefanya vizuri, Zita," akasema.

Miaka tisa nimelisubiri neno hilo, na lilipokuja lilikuwa la huruma. Nilimtazama Justina nikitaka acheke, nipate sababu ya kumchukia. Hakucheka. Aliinuka akamletea mama kikombe cha maji, mama akampokea kwa mikono miwili, na hata kwa kikombe kile nilimwonea wivu.